Tarehe Aliyoipanga Tabita

Vitabu vilifika Jumamosi mchana, bado vinanuka wino, na Tabita alipoona maboksi yanashushwa kutoka kwenye gari la Costel alitamani yarudishwe yalikotoka.

"Kiongozi, mbona umesimama kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama?" Costel alimwambia, boksi begani, shingo imepinda. "Shika huko chini. Mgongo huu ni wa mwanamuziki, si wa punda."

"Punda angewahi," Tabita akamjibu.

Waliokuwa uani wakacheka, maana Costel hajawahi kuwahi jambo tangu azaliwe, na mama yake husema hata tumboni alipitiliza.

Kilikuwa kitabu cha nyimbo za mandolini, ile ala ndogo ya nyuzi kama gitaa. Kanisa lao la Kipentekoste, pale pembezoni mwa mji wa Rădăuți, kaskazini mwa Romania, lina kikundi cha mandolini cha wazee na watoto, na vijiji vyote vya jirani vilikuwa vinaazima noti zao zilizonakiliwa kwa mkono, nyingine zimeshaliwa na panya. Timu ya muziki ikasema basi, tuchape. Tabita, mwalimu wa hesabu, binti wa miaka ishirini na saba mwenye nyusi nzito na sauti isiyopanda, ndiye aliyepanga nani afanye nini na kwa lini. Noti zote aliandika Beni.

Beni naye akatoka ndani akijifuta mikono kwenye suruali. Alivaa shati jeusi, lile lile la tangu mazishi ya baba yake, na alikuwa amekonda mpaka kola ilimzunguka shingoni kama imeazimwa. Akapasua boksi la kwanza kwa ufunguo, akatoa kitabu, akakifungua katikati, akakinusa. Halafu akainua macho akamtazama Tabita kwa kituo, kama mtu aliyefika kwake baada ya safari.

Mapenzi ya wacha Mungu nayo ni mapenzi, msidanganyike. Kwenye ua wa kanisa lile vijana hawashikani mikono, lakini macho hayajawekewa sheria. Mwezi mmoja nyuma Tabita angelipokea jicho lile na kulirudisha. Siku hiyo alitazama kiatu chake.

"Kimetoka, Tabi," Beni alisema kwa sauti ya chini.

"Kimetoka."

"Umeona ukurasa wa kwanza? Nimemwandika baba. Niliweka jina lake ile Ijumaa, dakika za mwisho. Nilitaka nimpelekee kitabu alione bila kutarajia." Akakifunga. "Basi. Najipa moyo kwamba sikukaa huku kwa starehe. Nilikuwa kwenye kazi ya Bwana, na kazi haikuwa na pa kusogea. Nisingekuwa na hilo la kushika, nadhani ningepata wazimu."

Tabita akainama, akaanza kuvipanga vitabu kumi kumi.

"Na jambo lingine," Beni akasogea hatua. "Mama anakuja kesho kwenye Meza ya Bwana. Anatoka kijijini kwa ajili yako."

"Kwangu mimi?"

"Anataka kujipatanisha na wewe. Amenitamkia mwenyewe, na wewe unajua mama kutamka jambo kama hilo ni kung'oa jino. Akishamaliza hilo, mimi nitakuja kwa baba yako kabla ya Krismasi." Akatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. "Kwa jambo unalolijua."

Hapo ndipo Costel alipopita na boksi lingine. "Eti, yule dada wa mapokezi kwa mchapishaji kanichekesha. Kaniambia, nyie ni watu wa ajabu, kazi yenu ilikaa mezani kwangu zaidi ya wiki ikingoja siku yake, hakuna wateja wanaoniletea mapema hivyo. Nikamwambia, dada, hujamwona kiongozi wetu."

Beni akageuka. "Ilikaa mezani?"

"Wana foleni yao," Tabita alisema. "Lazima uwahi uingie kwenye foleni."

Uongo wa pili ulitoka laini kuliko wa kwanza. Beni akaitikia kwa kichwa, akaamini, akainama kwenye boksi, na Tabita akaiona shingo yake nyembamba ndani ya ile kola, akahisi kama amemkanyaga mtu aliyelala.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka miwili nyuma, timu ile ile ilitayarisha nyimbo za Krismasi zikatoka Januari, kanisa zima likawacheka. Tangu siku ile Tabita akawa na tarehe mbili kwa kila kazi. Ya kweli aliiweka moyoni. Ya pili, ya mapema zaidi, ndiyo aliyoitangaza mbele ya timu kwa uso mkavu: mchapishaji anafunga siku fulani, hakuna mjadala. Hata Costel akaanza kumaliza kazi. Mchungaji Toader akamsifia madhabahuni, kwamba dada huyu kapewa karama ya utaratibu. Tabita alijiona mwerevu, na zaidi ya hapo alijiona mwema, kwa kuwa kila mtu alifaidika na hakuna aliyeumia.

Mpaka Alhamisi ile Beni alipopiga simu.

"Tabi, mama kanipigia. Baba anakohoa sana, ananiulizia. Nimebakiza nyimbo sita. Je, niende leo nirudi Jumatatu? Mchapishaji hawezi kutusogezea kidogo?"

Tarehe ya kweli ilikuwa mbali bado. Tabita aliijua, iko kwenye ncha ya ulimi. Lakini akawaza: nikimwambia huyu, kesho Costel anajua, keshokutwa wote wanajua, na hakuna tarehe yangu itakayoheshimiwa tena. Akasema, "Hawasogezi, Beni. Ukienda sasa, kitabu hakitoki." Kisha, ili amtie nguvu, akaongeza lile ambalo tangu hapo humwamsha kila alfajiri: "Fanya kazi ya Mungu. Mungu atakutunzia baba yako."

Beni alimaliza Ijumaa jioni. Jumamosi alipanda basi la kwanza. Alipofika, majirani walikuwa wanaingiza mabenchi uani kwa ajili ya kukesha na maiti.

*

Jumapili hiyo baridi ilikuwa imeshauma. Katika kanisa lile, kabla ya kuumega mkate, waumini huoshana miguu, wanaume chumba chao, wanawake chao. Na mwenye neno na mwenzake hulitoa hapo hapo juu ya beseni, maana kuufikia mkate ukiwa na neno la mtu moyoni ni jambo wanaloliogopa kuliko ugonjwa.

Tabita alikuwa amepanga kukaa nyuma kabisa, karibu na jiko la kuni, aoshane na bibi yeyote asiyesikia vizuri. Alikuwa ameshavua soksi aliposikia nyuma yake:

"Amani ya Bwana, binti."

Alikuwa Mama Saveta, mamake Beni, amefunga kitambaa cheusi kichwani, taulo kiunoni, beseni mikononi, mvuke unapanda. Mwanamke mfupi, mpana, mwenye mikono ya kukamua ng'ombe. Chumba kikapunguza maneno. Wote walijua yule mama alivyompinga Tabita. Alisema waziwazi, tena mbele ya watu mazishini: binti yule ana saa mahali pa moyo, ndiye aliyenizuilia mwanangu.

"Amani, Mama Saveta. Kaa wewe, nianze mimi kukuosha."

"Hapana. Mimi ndiye mwenye deni la maneno." Akapiga magoti, magoti yakalia. "Lete mguu. Maji nimeyapasha vizuri, usiogope, sikuja kukuchemsha."

Bibi mmoja jirani akacheka puani. Tabita akatoa mguu wa kulia. Vidole vya yule mama vilikuwa vigumu kama magome, lakini vilimshika taratibu, vikateka maji, vikamwagia juu ya kifundo.

"Nilisema vibaya juu yako," Saveta akaanza, hamtazami usoni, anautazama mguu. "Nilisema wewe ndiye uliyemshikilia Beni. Nilisema mpaka kwa watu wa sokoni. Mwanangu kaniambia hapana, mama, ni mchapishaji, Tabita hakuwa na la kufanya, naye alilia nilipompa habari. Basi mimi nimekusingizia. Mume wangu Mitru asingependa. Yeye alikupenda, unajua?"

"Mama Saveta..."

"Ngoja nimalize, nikinyamaza sitaanza tena. Usiku ule wa mwisho mbwa alikuwa anabweka, kuna mbweha huko nyuma. Kila akibweka Mitru ananiuliza, 'Ni Beni?' Namwambia bado. 'Ni Beni?' Bado, Mitru, ana kazi ya kanisa. Akasema, 'Basi vizuri, kama ni ya kanisa.' Akageukia ukutani." Akapangusa pua kwa mkono wenye maji. "Mimi nikatafuta wa kumlaumu, nikakupata wewe. Nisamehe, mwanangu. Lete na huu mwingine."

Tabita akauvuta mguu wake. Aliuvuta kwa nguvu mpaka beseni likayumba na maji yakamwagika kwenye sketi ya yule mama.

"Usiniombe msamaha," alisema.

"Eh?"

"Usiniombe. Hukunisingizia. Ulichosema ndicho." Sauti yake ile isiyopanda ilikuwa imekauka kabisa. "Mchapishaji hakuwa anafunga Ijumaa. Tarehe ile niliitunga mimi. Huwa natunga, ili watu wasichelewe. Beni aliniuliza kama inaweza kusogezwa, nikamwambia haiwezi, na mimi najua inaweza. Angekuwa kwako Alhamisi usiku, Mama Saveta. Angemkuta anaongea."

Kuni zilipasuka jikoni. Hakuna aliyecheka puani.

Saveta alikalia visigino vyake. Alimtazama Tabita sasa, na alimtazama kwa muda ambao mtu hawezi kuuvumilia. Midomo yake ilifanya kazi kama mtu anayetafuna kitu kigumu. Halafu akanyoosha mkono, akaushika ule mguu wa kushoto, akauingiza kwenye maji.

"Mama, tafadhali, usi—"

"Nyamaza. Nimeanza, nitamaliza." Aliuosha. Aliuosha mpaka katikati ya vidole, machozi yanadondokea humo humo kwenye beseni, mikono haina upole tena lakini haikuruka mahali. Akaukausha kwa taulo. Desturi inataka wakimaliza wainuke, wakumbatiane, wapeane busu la amani. Saveta akainuka kwa kushika kiti, akachukua beseni lake.

"Busu sikupi leo," alisema polepole. "Sitalitoa la uongo mbele za Mungu. Beni anajua?"

"Hajui."

"Basi nenda. Wanaume watamaliza sasa hivi warudi kukaa. Usimwache mwanangu aunyooshee mkono ule mkate akiwa mjinga wa jambo hili. Na usimwambie kwamba mimi nimekutuma. Nenda kama mtu mzima."

*

Tabita akaingiza miguu kwenye viatu bila soksi. Alimkuta Beni kwenye ukumbi mwembamba nje ya chumba cha wanaume, anakunja mikono ya shati, nywele za mbele zimelowa. Alipomwona, uso wake wote ukafunguka.

"Mmepatana? Mama kakuosha?"

"Kaniosha. Njoo nje kidogo."

"Tabi, mkate unakaribia."

"Ndiyo maana."

Walisimama nyuma ya kanisa, kwenye miti ya plamu isiyo na majani, kila mmoja mvuke wa baridi unamtoka mdomoni. Tabita alikuwa ameandaa maneno mengi kwa majuma yaliyopita, yenye mwanzo na sababu na aya za Biblia. Yote aliyaacha. Akamwambia Beni kama alivyomwambia Mama Saveta, akaongeza na la Costel la jana, kwamba hakukuwa na foleni yoyote.

Beni alimalizia kukunja mkono wa shati, akaukunjua, akaukunja tena.

"Nilipokuuliza kwenye simu," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ungesema tu, nenda."

"Ningesema tu, nenda."

"Neno moja, Tabita."

Hakumwita Tabi. Alilisikia hilo kama mlango unaofungwa upande wa pili wa nyumba.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungejua tarehe zangu ni za kutunga, na wenzako wangejua, na nisingeaminiwa tena. Nilikuwa nalinda tarehe. Nimetafuta sababu nzuri zaidi ya hiyo, sijaiona."

"Na lile la Mungu kunitunzia baba? Hilo nalo lilikuwa la kutuwahisha?"

Tabita alitaka kusema hapana. "Sijui," alisema. "Nilivyolisema, nililiamini. Lakini nililisema ili ubaki."

Beni akageuka akaushika mti wa plamu kwa kiganja, akauegemea kama aliyeishiwa pumzi.

"Unajua umenichukulia nini?" alisema, amempa mgongo. "Nilikuwa na kitu kimoja. Kila nikilala namwona baba, namwambia, baba, haikuwezekana. Sasa nitamwambia nini?"

"Mwambie ni mimi."

"Haitoshi." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Haitoshi, kwa sababu hata mimi sikukuambia yote. Mama alikuwa analia kwenye ile simu. Nikakuambia baba anakohoa tu. Unajua kwa nini? Costel anachelewa, wote wanachelewa, mimi nilitaka niwe yule asiyekuangusha. Nilitaka niulete ule mzigo wa noti Ijumaa, uinue nyusi zako hizo useme, 'Beni, wewe ndiye.' Nilikaa kwa ajili ya hilo. Kazi ya Bwana!"

"Usijitwishe yangu, Beni."

"Sijitwishi yako. Yangu inanitosha."

Ndani walianza kuimba, sauti za akina mama kwanza, kisha sauti nene za besi za wazee. Ulikuwa wimbo wa kuitayarisha Meza. Tabita alikuwa anatetemeka kwa baridi, na kwa mazoea ya siri yao, mkono wa Beni uliinuka nusu kuelekea kola ya koti lake ili aifunge. Ukasimama hewani. Ukarudi chini.

"Ungeniacha nije kwa baba yako?" aliuliza. "Nikae sebuleni kwenu, mama yako anipe pai za jibini, niseme nataka kuoa binti yenu, na wewe unajua?"

"Jana ningekuacha."

"Na leo?"

"Leo mama yako alipiga magoti kuniomba msamaha kwa kusema kweli. Sikuweza."

Beni akaifunika sura yake kwa mikono yote miwili. Alipoifunua ilikuwa ya mtu mwenye umri mkubwa zaidi.

"Nitawaambia timu," Tabita alisema. "Leo, tukitoka. Tarehe zote, tangu ile ya kwanza. Na uongozi nauacha."

"Waambie. Huo uongozi ni shauri lao, mimi nimechoka." Akaanza kuondoka, akasimama. "Usije kijijini. Usimtume Costel na vichekesho vyake. Nikiweza kukuona, nitakuja mwenyewe."

"Lini?"

Lilimtoka kabla hajalizuia. Neno lake la kila siku, la kila kikao. Wote wawili walilisikia. Beni alimtazama, na kitu kikapita usoni mwake ambacho kingeweza kuwa kicheko kama kingepata nafasi.

"Sijui, Tabi. Kweli sijui. Labda kesho, labda isiwepo hiyo siku. Mimi sina ya kukutangazia."

"Basi nitangoja."

"Utangoja nini, kama nakwambia sijui?"

"Nitangoja hivyo hivyo."

Beni akaingia kwa mlango wa wanaume.

Tabita hakuingia. Hakuwa na la kufanya mbele ya mkate ule, na kila aliyekuwa kwenye chumba cha beseni alijua kwa nini. Akazunguka hadi mlango mkubwa, ambao huachwa wazi nusu kwa ajili ya hewa, akasimama kizingitini, viatu vinamkwaruza visigino vilivyo uchi. Mchungaji Toader aliumega mkate. Sahani ikaanza kutembea. Upande wa akina mama alimwona Saveta anaipokea, anaishika muda mrefu akitikisika mabega, anaipitisha kwa jirani bila kumega. Upande wa pili sahani ilipita kwa Costel, ikapita kwa wazee wa besi, ikafika kwa Beni.

Beni aliitazama sahani ile. Alinyoosha vidole, akavirudisha. Akaipitisha.

Watu wawili wa nyumba moja, wamefiwa na mtu mmoja, na mkate umewapita. Tabita alishika mwimo wa mlango. Alijua sasa hesabu yote ya alichofanya, na hakuwa na mtu wa kumpelekea.

Mzee aliyekaa karibu na Beni alimnong'oneza kitu. Beni akatikisa kichwa. Kisha akageuka taratibu, akamtafuta Tabita upande wa akina mama, hakumwona, akaendelea kutafuta benchi kwa benchi mpaka macho yake yakafika mlangoni.

Hakutabasamu. Ulikuwa uso wa mtu aliyeumizwa, na hakuuficha. Wimbo uliisha, ukaanza mwingine, kikombe kikaanza kutembea, na Beni alikuwa bado anamtazama.